Kula kwa Ajili ya Macho Baada ya Miaka 50: Vyakula, Vipimo na Makosa

Karoti imepewa sifa nyingi kuliko kazi inayoifanya. Beta karotini iliyomo hugeuzwa na mwili kuwa vitamini A, na bila vitamini A jicho haliwezi kuona kwenye mwanga hafifu. Hilo ni kweli. Lakini karoti moja ya wastani, ya gramu 60 hivi, ina takriban mikrogramu 500 za vitamini A, na mahitaji ya siku nzima ni mikrogramu 900 kwa mwanamume na 700 kwa mwanamke. Anayekula mboga, mayai au maziwa kila siku hufikisha kiwango hicho bila kuhangaika, na akishakifikisha, karoti ya tatu na ya nne hazimwongezei kuona hata kidogo. Zikizidi sana humgeuza ngozi ya viganja kuwa ya njano. Watu wazima wanaopungukiwa vitamini A ni wenye ugonjwa wa ini au wa utumbo, waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, na wanaoishi kwa wanga mtupu.

Uzee huondoa uwezo wa kuona kwa njia nyingine, na nne ndizo kubwa: kuchakaa kwa doa la njano (madaktari huliita makula) lililo katikati ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), kuharibika kwa mishipa midogo ya damu kutokana na kisukari na shinikizo la damu, mtoto wa jicho, na glakoma (ugonjwa unaoharibu neva ya jicho, mara nyingi kwa sababu ya presha ya ndani ya jicho). Mlo una nguvu kwenye mambo mawili ya kwanza. Kwa mtoto wa jicho msaada wake ni mdogo, na kwa glakoma ni mdogo zaidi. Ile hali ya kuanza kusogeza maandishi mbali ukifika miaka 40 na kitu haitokani na lishe kabisa: lenzi inakuwa ngumu, na dawa yake ni miwani ya kusomea.

Kwa nini chakula kinafika hadi kwenye retina

Retina ni miongoni mwa tishu zinazotumia oksijeni nyingi zaidi mwilini kwa uzito wake, na hupigwa na mwanga tangu unapofumbua macho hadi unapolala. Utando wa seli zake umejaa mafuta ya aina ya DHA, ambayo ni laini na huharibiwa upesi na oksijeni. Mwanga, oksijeni na mafuta laini vikikaa pamoja kwa miaka 60, uharibifu hauepukiki. Kinachobadilika ni kasi yake.

Kinga ya hapo katikati ni rangi mbili za njano, luteini na zeaksanthini. Huchuja mwanga wa bluu kabla haujafika kwenye seli zinazoona, na huzima chembe haribifu zinazotokana na oksijeni. Mwili hauwezi kuzitengeneza. Zote hutoka kwenye chakula, na hujengeka polepole: ukibadilisha mlo leo, wingi wa rangi hizo kwenye retina huanza kupanda baada ya miezi kadhaa. Kwa hiyo anayekula spinachi kwa wiki mbili kisha akalalamika kwamba haoni tofauti anapima kitu kisichopimika hivyo. Lengo hapa ni kulinda ulichonacho.

Majani ya kijani: hapa ndipo pa kuweka juhudi

Kama utabadilisha jambo moja tu, liwe hili. Hakuna kiwango rasmi cha luteini kwa siku, lakini kiasi kilichotumika kwenye utafiti mkubwa zaidi wa vidonge vya macho ni miligramu 10 za luteini na 2 za zeaksanthini. Nusu kikombe cha spinachi iliyopikwa, yaani gramu 90 hivi, hutoa takriban miligramu 10 za rangi hizo mbili kwa pamoja. Sukumawiki nayo ni tajiri. Njegere, brokoli na saladi ya majani ya kijani kibichi zinafuata kwa mbali: kikombe kizima cha njegere zilizopikwa kina miligramu 4 hivi. Kanuni ya haraka sokoni ni kwamba jani likiwa la kijani kilichokolea lina zaidi. Saladi iliyopauka karibu ni maji matupu.

Watu hukosea kwenye kipimo cha jani bichi. Spinachi hunywea sana. Kikombe kimoja cha majani mabichi kina gramu 30 tu, kwa hiyo ili upate nusu kikombe kilichoiva unahitaji vikombe vitatu hadi vinne vya mabichi. Majani machache yaliyowekwa pembeni ya sahani kama pambo hayahesabiki.

Namna ya kupika:

1. Osha majani yakiwa mazima, kisha ndiyo uyakate. Ukikata kwanza, vitamini C na folati hutoka na maji ya kuoshea.
2. Kata vipande vidogo. Luteini imefungiwa ndani ya seli za jani, na kila mkato unaifungua kidogo.
3. Weka sufuria motoni, tia majani na maji yaliyobaki juu yake baada ya kuosha, funika. Spinachi inatosha kwa dakika 2 hadi 3. Sukumawiki dakika 5 hadi 7. Ikianza kugeuka rangi ya kahawia umepitiliza.
4. Tia kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia, au hakikisha mlo huo una yai, samaki, parachichi au karanga.

Hatua ya nne ndiyo inayorukwa, hasa na watu wanaopunguza uzito. Luteini huyeyuka kwenye mafuta, haiyeyuki kwenye maji. Bila mafuta sehemu kubwa yake hupita tumboni na kutoka ilivyoingia. Gramu 3 hadi 5 za mafuta kwenye mlo zinatosha, na kijiko cha chai kina zaidi ya gramu 4. Huna haja ya kuogelesha mboga. Kwa sababu hiyohiyo, juisi ya majani inayonywewa asubuhi tumbo likiwa tupu ni hasara, na dawa za kupunguza unene zinazozuia mafuta kufyonzwa huizuia luteini pia.

Kiini cha yai kina luteini kidogo, kama robo miligramu, lakini hufyonzwa vizuri kuliko ya mboga kwa kuwa tayari imelala kwenye mafuta. Yai moja juu ya sahani ya mboga linafanya kazi mbili: linaleta luteini yake na linasaidia ya mboga kuingia. Anayekula ute na kutupa kiini ametupa sehemu inayolifaa jicho. Zeaksanthini, ambayo majani hayana nyingi, itafute kwenye pilipili hoho za rangi ya machungwa na kwenye mahindi ya njano. Mahindi meupe karibu hayana kitu. Rangi yenyewe inakuambia.

Tahadhari tatu. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiongeze wala kupunguza majani ghafla, maana vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa. Ale kiasi kilekile kila siku na amjulishe daktari ili kipimo cha damu kirudiwe. Mwenye historia ya mawe ya figo apunguze spinachi, ambayo ina oksaleti nyingi (kitu kinachojenga mawe hayo), ageukie sukumawiki na brokoli. Na mwenye figo zilizochoka aulize kwanza kuhusu potasiamu iliyo kwenye majani haya.

Samaki

DHA ile iliyojaa kwenye retina hupatikana moja kwa moja kwenye samaki wenye mafuta: sadini, kibua, samoni. Kula mara mbili kwa wiki, kila mara gramu 140 hivi za samaki aliyeiva, kipande cha ukubwa wa kiganja. Wanaokula hivyo wameonekana kupata ugonjwa wa doa la njano mara chache kuliko wasiokula samaki. Tafiti hizo ni za kuwafuatilia watu na milo yao, kwa hiyo haziwezi kuthibitisha kwamba ni samaki peke yake. Huenda wala samaki wana mazoea mengine mema. Bado ni chakula kizuri kwa moyo na mishipa, na jicho linaishi kwa mishipa.

Sadini wa kopo wanafaa kabisa, mradi umwage maji ya chumvi. Jodari wa kopo ana omega-3 (kundi la mafuta ambalo DHA ni mojawapo) kidogo mno kuhesabika. Samaki wakubwa wanaowinda wenzao, kama papa, hukusanya zebaki. Wasiwe chakula cha kila wiki. Choma, oka au chemsha. Kukaanga kwenye mafuta mengi yaliyokwisha kutumika mara kadhaa huongeza mafuta yaliyoharibika, ndiyo yale tunayoyakimbia.

Asiyekula samaki anaweza kutumia mbegu za kitani, chia au jozi, akijua kwamba mwili hugeuza sehemu ndogo sana ya mafuta yake kuwa DHA. Mafuta ya mwani ndiyo mbadala wa kweli.

Kuhusu macho makavu: vidonge vya mafuta ya samaki huuzwa sana kwa tatizo hilo. Mwaka 2018 utafiti wa Marekani uliowapa watu gramu 3 za omega-3 kila siku kwa mwaka mzima ulikuta hawakupata nafuu kuliko waliopewa mafuta ya zeituni. Matone ya machozi bandia na kupepesa macho unapotazama skrini vitakusaidia zaidi.

Sukari, na kwa nini miwani mipya inakukosea

Sukari ikikaa juu kwenye damu kwa miaka, kuta za mishipa midogo ya retina hudhoofika, huvuja, kisha huziba. Retina inayokosa hewa huanza kuotesha mishipa mipya dhaifu inayopasuka. Hakuna maumivu katika yote haya, ndiyo maana wengi hufika hospitalini wamechelewa.

Kwenye sahani, gawa hivi: nusu mboga zisizo za wanga, robo wanga, robo protini. Wanga uwe wa nafaka isiyokobolewa au wa jamii ya kunde, na ule mboga na protini kabla ya wanga. Mpangilio huo peke yake hupunguza mruko wa sukari baada ya mlo. Vinywaji ndiyo tundu kubwa. Soda moja ya mililita 330 ina gramu 35 hivi za sukari, na Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya mlo, ikiwezekana asilimia 5, ambayo ni gramu 25 hivi kwa siku. Juisi ya matunda halisi iko kwenye kundi hilohilo. Tunda zima haliko.

Faida hii si ya wenye kisukari tu. Kwa wasio nacho pia, mlo wa wanga mweupe unaopandisha sukari upesi umehusishwa na ugonjwa wa doa la njano.

Mambo mawili huwachanganya wagonjwa wapya. La kwanza, sukari inapopanda au kushuka sana, lenzi hunyonya maji au kuyaachia na umbo lake hubadilika, hivyo macho huona ukungu kwa muda. Usipimwe miwani wakati huo. Subiri sukari itulie kwa wiki kadhaa, la sivyo utalipia miwani itakayokukosea mwezi ujao. La pili, kuishusha kwa kasi sukari iliyokuwa juu kwa miaka kunaweza kuzidisha uharibifu wa retina kwa muda, ingawa baadaye faida ni kubwa. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha mlo na dawa kwa nguvu, pimwa retina kwanza, mboni zikiwa zimepanuliwa kwa matone, kisha rudia kila mwaka au kama daktari atakavyopanga.

Chumvi nayo isizidi gramu 5 kwa siku, pungufu kidogo ya kijiko cha chai kilichosawazishwa, ukihesabu na ile iliyo kwenye mkate, vyakula vya kopo na viungo vya pakiti. Presha ya juu huziba mishipa ya retina, na mshipa ukiziba jicho linaweza kufifia ndani ya saa chache.

Vitamini C, E, zinki na B12

Hivi ni rahisi ukishakula vizuri. Vitamini C ni miligramu 90 kwa mwanamume, 75 kwa mwanamke, na mvutaji sigara aongeze 35: chungwa moja hutoa 70 hivi, nusu kikombe cha pilipili hoho nyekundu mbichi hupita 90. Kula mbichi au pika kidogo, maana joto na maji huimaliza. Vitamini E ni miligramu 15. Kiganja cha lozi au mbegu za alizeti, gramu 28, kina 7.

Zinki ni miligramu 11 kwa mwanamume na 8 kwa mwanamke. Gramu 85 za nyama ya ng'ombe hutoa 5 au zaidi. Anayetegemea kunde alenge kuziloweka saa 8 hadi 12 na kumwaga maji, kwa sababu fitati, kemikali iliyomo kwenye kunde, hushika zinki na kuizuia isifyonzwe.

B12 husahauliwa. Upungufu wake huharibu neva inayopeleka picha kwenye ubongo. Baada ya miaka 50 asidi ya tumbo hupungua na B12 ya kwenye nyama haifunguki vizuri. Wasiokula vyakula vya wanyama na wanaotumia metformini (dawa ya kisukari) kwa muda mrefu wako hatarini zaidi. Omba kipimo cha damu. Mahitaji ni mikrogramu 2.4 tu kwa siku.

Vidonge vya macho: vya nani?

Hapa pesa nyingi hupotea. Taasisi ya Taifa ya Macho ya Marekani ilifanya utafiti ulioitwa AREDS, matokeo yakatoka mwaka 2001: mchanganyiko wa vitamini C, E, beta karotini, zinki na shaba ulipunguza kwa asilimia 25 hivi, katika miaka mitano, uwezekano wa ugonjwa wa doa la njano kufikia hatua mbaya. Soma vizuri ni kwa nani. Ni kwa waliokuwa tayari na ugonjwa wa hatua ya kati, au waliokwisha kuharibikiwa jicho moja. Kwa mwenye macho mazima au mwenye dalili za mwanzo tu haukuonyesha faida. Haukuzuia mtoto wa jicho.

Utafiti wa pili, AREDS2, wa mwaka 2013, uliweka luteini na zeaksanthini mahali pa beta karotini, kwa sababu beta karotini ya vidonge huongeza saratani ya mapafu kwa wavutaji na waliowahi kuvuta. Kuongeza omega-3 hakukusaidia kitu. Kwa hiyo daktari akikuandikia, angalia lebo: vitamini C miligramu 500, vitamini E yuniti 400, kisha kwa miligramu, luteini 10, zeaksanthini 2, zinki 80 (baadhi hutumia 25), shaba 2. Ukiona beta karotini na uliwahi kuvuta, rudisha.

Shaba haikuwekwa kwa urembo. Zinki nyingi huzuia shaba kufyonzwa na huleta upungufu wa damu. Kikomo cha kawaida cha zinki ni miligramu 40 kwa siku, na 80 huweza kuvuruga tumbo na njia ya mkojo. Usichanganye vidonge hivi na multivitamini nyingine bila kujumlisha namba. Vitamini A ya kidonge au ya mafuta ya ini la samaki isizidi mikrogramu 3,000 kwa siku. Ini la ng'ombe gramu 85 peke yake lina zaidi ya mara mbili ya hizo, kwa hiyo ini liwe la mara moja moja.

Na mvutaji anayenunua luteini anajaza pipa lenye tundu. Sigara ndiyo sababu kubwa kuliko zote inayoweza kuepukika ya ugonjwa wa doa la njano.

Mwenye glakoma

Hakuna mlo unaoshika nafasi ya matone ya dawa. Yapo mambo mawili ya kuangalia: usinywe lita nzima ya maji kwa mkupuo, kwani presha ya jicho hupanda kwa muda, gawanya maji siku nzima. Kahawa huipandisha kidogo kwa saa moja au mbili, kwa hiyo kikombe kimoja kimoja, si mfululizo. Majani ya kijani, kwa nitrati yake inayosaidia mzunguko wa damu, yanahusishwa na glakoma pungufu, lakini ushahidi bado ni wa kuwafuatilia watu tu.

Kujikagua nyumbani

Mara moja kwa wiki vaa miwani yako ya kusomea, funika jicho moja, tazama kitovu cha karatasi yenye miraba kwa umbali wa sentimita 30 hivi, kisha badilisha jicho. Huna karatasi? Mistari ya vigae au fremu ya mlango itafaa. Usikague macho yote mawili kwa pamoja, kwa sababu jicho zima huficha kasoro ya mwenzake.

Mistari ikipinda, pakitokea doa jeusi katikati, mimuliko ya mwanga na vijidoa vingi vya ghafla, kivuli kama pazia, au jicho likafifia bila maumivu, hilo si suala la spinachi tena. Nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo. Kwa baadhi ya magonjwa haya sindano au leza inaokoa jicho ikiwahi, na wiki moja ya kusubiri inaweza kulipoteza.